Dirisha Lililofungwa kwenye Meza ya Tano

Karatasi ilikuwa moja tu, na ilikuwa safi mno.

Inspekta aliisoma mara ya tatu akiwa wima, maana aliyemkabidhi hakumkaribisha kiti. Mistari saba ya mwanzo ilieleza jinsi kompyuta ya meza ya tano ilivyowashwa asubuhi ya Jumanne. Mstari wa nane ulisema: saa nne na dakika kumi na nne, kivinjari kimefungwa na mtumiaji. Baada ya hapo karatasi ilikuwa nyeupe.

"Mashine haina chuki na mtu, afande," alisema mkuu wa mitambo, ambaye kituo kizima cha simu za dharura kilimwita Injinia. "Binti alifunga dirisha lake katikati ya kazi, mgonjwa akafa. Sioni kilichobaki cha kutafuta."

Inspekta alimuuliza yeye mwenyewe alikuwa wapi saa hiyo. Injinia akajibu kuwa alikuwa mkutanoni. Mkutano na nani? Wa ndani, akasema, wa kawaida tu, akaanza kupanga kalamu zake kwenye kikombe.

Inspekta aliikunja karatasi, akaitia mkobani, akatoka bila kuaga. Mama huyo wa makamo, mwenye miaka ishirini na miwili ya upelelezi, alikuwa na tabia moja ambayo wenzake waliijua: akikasirika hapandishi sauti, huacha kuaga.

Aliyekufa Jumanne ile alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka thelathini na minne, mgonjwa wa pumu. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alipiga simu ya dharura saa nne na dakika kumi na mbili. Ilipokelewa meza ya tano. Alitaja mtaa, akataja nyumba, akaambiwa gari linakuja. Gari halikuja. Alipiga tena saa nne na nusu, akapokelewa na meza nyingine, na huko hakuna aliyekuwa na habari zake. Gari lilifika saa tano kasoro dakika nane. Mwalimu alikuwa amekata roho mlangoni, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya mume wake.

Kituo kilimsimamisha kazi mpokea simu siku ileile. Kesho yake barua ikaandikwa kwa polisi: uzembe uliosababisha kifo.

Wenzake walimwita Dada Sauti, kwa sababu alikuwa na sauti ya kumtuliza mtu aliyeshika mtoto anayetokwa damu. Alipokaa mbele ya Inspekta chumba cha mahojiano, sauti hiyo ilikuwa imekauka. Alieleza kwa mpangilio. Pale kituoni kila kitu kilikuwa ndani ya kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao: ramani, orodha ya magari, namba ya anayepiga, fomu ya taarifa na kitufe cha Tuma. Kompyuta zote tisa ziliendeshwa kwa mfumo wa Linux, na kwa miaka mitatu zilikuwa kimya kama kondoo. Ila kwa muda wa kama wiki tatu kivinjari kilikuwa kikiganda. Unabonyeza, hakijibu. Mshale wa kipanya unatambaa. Mara dirisha lote linatoweka, umebaki na picha ya mezani tu.

"Jumanne nilishaandika kila kitu, mama. Mtaa, nyumba, pumu, midomo imebadilika rangi. Kidole kiko kwenye Tuma. Dirisha likatoweka."

"Ukafanya nini?"

"Nikalifungua tena, mashine ikakwama. Gari halitoki bila fomu kutumwa, na wenzangu wote walikuwa na wagonjwa hewani. Namba ya yule kaka ilikuwa humohumo ndani. Nikampigia Injinia aitoe kwenye mtambo wa simu, maana ni yeye tu mwenye ruhusa. Hakupokea. Nikapiga tena."

"Mara ngapi?"

"Nne."

Inspekta alikuwa tayari na orodha ya simu za ndani kutoka kwenye mtambo, lakini hakuitoa. Aliihakiki chini ya meza: kutoka meza ya tano kwenda ofisi ya mitambo, saa nne na dakika kumi na tano, kumi na sita, kumi na nane, ishirini na moja. Zote hazikupokelewa. Mtu aliyefunga dirisha kwa uvivu hampigii fundi mara nne ndani ya dakika sita.

Akamuuliza kama aliona chochote kwenye kioo kabla ya dirisha kutoweka. Dada Sauti alikumbuka michirizi, kama televisheni mbovu. Na wiki tatu zilizopita kulikuwa na masasisho ya programu. Kila mtu alisema kadi ya picha, kile kifaa kinacholeta picha kwenye kioo, haikuyapenda.

Hapo ndipo upelelezi ulipopoteza karibu siku mbili.

Mtaalamu wa maabara ya polisi aliitwa Kimya, na jina lilimkaa. Aliichukua kompyuta ya meza ya tano ikiwa na lakiri, akaing'oa diski yake, akainakili yote tangu mwanzo hadi mwisho, akaifungia ile ya asili kabatini. Kazi yote ilifanywa kwenye nakala, kebo ya mtandao ikiwa imechomolewa. Injinia aliitwa kushuhudia, kama sheria inavyotaka, na alikuja na shati lililonyooshwa vizuri.

Kimya alikifungua kivinjari. Kabla ya kitu kingine chochote, upau wa njano ulitokea juu ya ukurasa: kivinjari hakikufungwa vizuri mara ya mwisho, je, ungependa kurudisha kurasa zako?

Inspekta alisogea karibu. "Mtumiaji akikifunga mwenyewe kwa mkono, kinauliza hivyo?"

"Hakiulizi," alisema Kimya.

Alibonyeza kurudisha. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka, ukaishia mweupe: seva haipatikani. Injinia akacheka kidogo puani. Bila mtandao hakuna kitu, alisema, kwa hiyo ile fomu anayodai kuijaza ni maneno ya binti tu, na maneno hayaweki chakula mezani wala ushahidi mahakamani.

Kimya alikifunga kivinjari, akaingia kwenye folda zilizofichwa, akafungua faili moja ndogo. Kila baada ya sekunde chache, alieleza kwa sauti ya chini, kivinjari hujiwekea kumbukumbu ya kurasa zilizo wazi na maneno yaliyoandikwa ndani yake, ili kikianguka kiweze kuinuka pale kilipoangukia. Akashusha mistari mingi isiyosomeka, kisha akasimamisha kidole.

*Mke, miaka 34, pumu, midomo bluu, hawezi kumaliza sentensi. Mume yuko naye. Nyumba ya tatu baada ya shule, geti la chuma jeusi lenye maua.*

Inspekta alisoma mara mbili, akaangalia saa iliyoandikwa pembeni: nne, kumi na tatu, sekunde hamsini na tano.

Injinia alikuwa wa kwanza kupata ulimi. Basi ni yale masasisho ya kadi ya picha, alisema, sasa imeeleweka. Michirizi ile hata yeye aliiona. Kosa ni la walioandika programu huko mbali, watu wasiojulikana, na binti masikini hana hatia. Alionekana mtu aliyetua mzigo. Alimpa hata Kimya mkono.

Yalikuwa maelezo mazuri. Yalimwokoa Dada Sauti, na hayakumgusa mtu yeyote. Inspekta angeweza kuyaandika jioni ileile. Badala yake alimwambia Kimya ayajaribu.

Kimya alileta kutoka stoo kompyuta pacha: toleo lilelile, kadi ya picha ileile, mwaka uleule. Akaiwekea nakala ya diski ya meza ya tano na masasisho yake yote, akaiunganisha na seva ya majaribio ya kituo. Kuanzia asubuhi hadi saa tisa alasiri alifungua ramani, akafungua fomu, akafungua kurasa arobaini kwa mpigo, akaichezea kama mtu anayemchokoza mbwa. Kivinjari hakikuanguka hata mara moja.

"Roho ileile," alisema Kimya, "mwili mwingine. Haumwi."

"Kwa hiyo ugonjwa uko mwilini."

"Na kitu kingine." Alimwonyesha daftari la mfumo, ambamo Linux huandika yenyewe kila linalotokea. Lilianza Jumanne saa kumi jioni. Kabla ya hapo hapakuwa na hata mstari, kana kwamba mashine ilizaliwa jioni ile, baada ya kifo.

Inspekta akatoa mkobani ile karatasi safi na kuiweka kando ya kioo. Mstari wa saa nne na dakika kumi na nne asubuhi ulikuwa umechapwa kutoka kwenye daftari linaloanza saa kumi jioni. Kama hapo mwanzo palikuwa na daftari, kuna mtu alilifuta. Na mtu aliyelifuta ndiye aliyeamua mstari upi tuuone.

"Fungua boksi," alisema.

Ndani mlikuwa na vumbi la miaka mitatu, laini kama unga, limelala juu ya kila kitu isipokuwa sehemu moja. Pale panapochomekwa vipande vya memori, vinavyoiwezesha kompyuta kubeba kazi nyingi kwa pamoja, palikuwa na nafasi mbili. Moja ilikuwa na kipande chake. Ya pili ilikuwa tupu na inang'aa. Kadi ya mali iliyobandikwa ubavuni ilisema: memori, vipande viwili.

Inspekta hakusubiri kesho. Waliingia kituoni na hati ya upekuzi saa kumi, wapokea simu wakiwa kazini. Walisubiri kila meza ipate nafasi, wakafungua boksi moja moja. Meza ya kwanza, kipande kimoja. Ya pili, kimoja. Zote nane, kimoja kimoja, na vumbi tele. Madaftari ya mifumo yao hayakuwa yamefutwa. Aliyefuta lile la meza ya tano hakudhani kuna atakayeyaangalia. Kimya aliyasoma huku akipiga mistari kwenye kijitabu: memori imekwisha, programu imeuawa, kivinjari. Memori imekwisha, programu imeuawa, kivinjari. Mara sitini na tatu ndani ya siku ishirini na mbili. Michirizi ya kioo ilikuwa kwikwi ya mashine iliyobanwa koo. Mfumo ukikosa pumzi huua programu inayokula memori nyingi, na katika chumba kile programu hiyo ilikuwa ileile iliyoshika roho za watu.

Mpokea simu wa meza ya nne, mama mwenye sauti nzito, alikuwa ameweka kikombe cha chai juu ya boksi lake kwa miaka. Aliulizwa nani aliwahi kulifungua. Alikumbuka vizuri, kwa sababu kikombe chake kilivunjwa siku hiyo. Wiki tatu zilizopita Injinia alipita meza zote na bisibisi.

"Alisema anasafisha vumbi," alisema. Kisha akachungulia ndani ya boksi lake lililokuwa wazi.

Akaulizwa kama walilalamika. Akacheka kicheko kisicho na furaha, akafungua orodha ya malalamiko kwenye kioo. Yalikuwa arobaini na moja. Kivinjari kimeganda. Kivinjari kimezima nikiwa na mgonjwa hewani. Tafadhali tunaomba msaada, mtu atakufa. Hilo la mwisho lilikuwa la Dada Sauti, siku nane kabla ya kifo. Pembeni ya kila moja paliandikwa neno moja: Limetatuliwa.

Inspekta alisoma yote arobaini na moja. Alipomaliza alikuta amekunja kona ya kijitabu cha Kimya mpaka imekatika.

Injinia alikuwa ofisini. Safari hii Inspekta hakungoja kiti, alikivuta mwenyewe. Aliweka mezani vitu vitatu: karatasi safi, orodha ya simu nne zisizopokelewa, na picha ya nafasi tupu inayong'aa.

"Vipande tisa viko wapi?"

Injinia alianza na kadi ya picha. Inspekta alimwacha amalize. Akaanza na uchakavu wa mitambo. Akamwacha pia. Akafika kwenye programu za kisasa zinavyokula memori kama nzige, na hapo Inspekta akapiga meza kwa kiganja, mara moja, kalamu zikaruka kikombeni.

"Mwanamke alikuwa anahesabu pumzi zake. Wewe ulikuwa na memori yake mfukoni. Sikuulizi habari za nzige."

Injinia alijibu akiangalia mlango. Mkurugenzi alikuwa amejengewa ukuta wa vioo ghorofani, vioo sita vikubwa vya kuonyesha wageni jinsi kituo kinavyofanya kazi. Kompyuta yake ilikuwa nzitonzito, picha zikikatika. Kuagiza memori mpya kungechukua miezi miwili, na ugeni ulikuwa umeshapangwa. Aliambiwa atafute njia. Akaitafuta.

"Na Jumanne saa nne?"

"Nilikuwa juu. Tulikuwa tukifanya mazoezi ya maonyesho. Simu niliiacha hapa."

"Na jioni ukafuta daftari."

"Niliambiwa tusichafue jina la kituo." Sauti ilikuwa imeshuka. "Mama, mimi nina familia."

"Hata fundi wa kuchomelea alikuwa nayo."

Alimsomea haki zake, akamwomba simu yake ya mkononi. Ujumbe ulikuwapo, kutoka kwa Mkurugenzi, siku ishirini na tatu zilizopita: *Toa hata kwenye za chini. Wale wanapokea simu tu.*

Ghorofani ukumbi ulikuwa na zulia jipya, na ugeni wenyewe ulikuwa umefika: watu kumi na wawili wenye vitambulisho shingoni, nyuso zimeelekea ukutani. Kwenye vioo sita ramani ya mji ilikuwa inateleza bila kukwama hata kidogo, magari yakiwa nukta za kijani. Juu kabisa palikuwa na meza tisa zimechorwa, kila moja na neno Nzuri. Meza ya tano nayo ilikuwa Nzuri, ilhali kompyuta yake ilikuwa katika maabara ya polisi.

Mkurugenzi aliwaona askari mlangoni, akaja kwa hatua za haraka na tabasamu lililobanwa. Alisoma hati ya upekuzi, akaikunja, akamshika Inspekta kiwiko kama shangazi yake.

"Afande, tuelewane kiutu uzima. Funika kombe, wageni wapite. Nusu saa tu."

Inspekta alikiangalia kile kiganja mpaka kikaondoka.

"Kombe limefunikwa wiki tatu, Mkurugenzi. Mtu amekufa ndani yake."

Hakusema kwa kelele, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza na kila mtu alisikia. Mgeni mmoja, mzee mwenye miwani, aliuliza kuna nini. Mkurugenzi akafungua mdomo, Inspekta akawahi. Aliwaeleza kwa maneno machache: memori ya meza tisa za kupokea simu za wagonjwa, imetolewa wapi, imewekwa wapi, na mwalimu wa shule amekufa lini. Kisha akampa Kimya ishara.

Kimya alizima kompyuta ya ukuta. Vioo sita vikawa vyeusi, vikabaki vinaonyesha wageni sura zao wenyewe. Alifungua boksi na kuchomoa vipande kimoja kimoja, akisoma namba na kulinganisha na kadi za mali, akivitia kwenye bahasha tofauti. Aliita kila meza kwa sauti, mtu aliyekuwa hazungumzi. Alipofika ya tano alisita kidogo, akaendelea.

Mkurugenzi alitoka ukumbini kati ya askari wawili, mbele ya watu kumi na wawili. Alikuwa bado anasema kwamba ni tatizo la mawasiliano tu.

Kabla ya kuondoka Inspekta alishuka chini. Vipande vile sasa ni vielelezo, haviwezi kurudi mezani. Alimpigia simu kamanda wake na kumwambia kuwa maabara ina vipande kama hivyo stoo, na kwamba anavitaka leo. Kamanda alianza kutaja utaratibu. Inspekta alimwachia simu msimamizi wa zamu, akamwambia amsomee bosi yale malalamiko arobaini na moja, pole pole. Msimamizi alifika la kumi na sita. Vipande vililetwa kabla ya zamu kubadilishana.

Fundi wa kuchomelea alikuwa karakanani kwake, siku ya kwanza kurudi kazini tangu msiba. Inspekta alisubiri azime moto na kuvua kioo cha usoni, akampa pole, ndipo akamkabidhi nakala ya maneno ya fomu aliyoyaandika Dada Sauti. Alimweleza ilivyopatikana, na nani wako ndani.

Fundi aliisoma akiwa amesimama, midomo ikitembea. Alipofika kwenye geti la chuma jeusi lenye maua alirudi mwanzo, akasoma tena.

"Aliandika mpaka maua," alisema.

"Aliandika kila ulichomwambia."

Uso wake ulikuwa umekaza. Inspekta alidhani atalia, lakini hakulia. Aliuliza majina ya wale wawili. Akaambiwa yatasomwa mahakamani Jumatatu saa tatu, na kwamba aje, na asije na nondo. Alisema atakuja mikono mitupu, ingawa mikono hiyo inamwasha. Kisha akaifuta ile karatasi vumbi ambalo halikuwapo.

"Juzi nilikwenda kwa yule binti," alisema. "Nilimwita muuaji getini kwao, watu wa mtaa mzima wakisikiliza. Mama yake alitoka kunibembeleza. Mama mtu mzima, afande. Nikamtukana na yeye."

Inspekta akasema angeweza kuwafikishia ujumbe, anakwenda upande ule.

"Hapana. Nilitukana mbele za watu, nikaombe radhi mbele za watu." Alikuwa ameshaanza kuvua aproni, kwa hasira, fundo la nyuma likimgomea. "Nipeleke sasa hivi, kabla majirani hawajaingia ndani."

Inspekta alimfungulia fundo, akatangulia kwenda kuwasha gari.